Safari ya Karema Wakati wa Giza

Mpaka leo, mtu akifungua mbele yangu gunia la dagaa wa ziwani lililokaa stoo siku nyingi, basi mimi nimeshaondoka. Ile harufu inanipanda puani, kwanza jua, halafu mchanga, halafu kitu kama moshi wa taa, na nikija kushtuka nimesahau nilikuja dukani kununua nini. Wajukuu wananicheka, eti bibi ananusa dagaa kama wenzake wanavyonusa marashi. Wacheke tu. Wao hawajawahi kuteremka kwenda Karema kwa lori, wamebanwa kati ya bibi yao na mlango uliofungwa kwa kamba ya katani.

Nilikuwa na miaka saba au minane. Mwaka wenyewe msiniulize. Reli ilikuwa imefika Mpanda si zamani, na Mwingereza alikuwa bado yupo. Tulikaa Majengo, palepale Mpanda. Baba alikuwa dereva wa lori la mwenye duka mmoja, ambaye sisi tulimwita tajiri tu, na kila mwezi lori lile lilishuka ziwani na chumvi, kaniki na mafuta ya taa, likapanda na dagaa. Kuwa mtoto wa dereva siku zile halikuwa jambo dogo. Nilitembea mtaani kama vile usukani ni wangu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mbende wa Karema. Aliolewa huku bara kwa Wakonongo akiwa msichana, akaja kwa miguu, na mdogo wake wa kiume, Gaspa, akabaki ziwani akawa mvuvi. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa siku walipomzika mama yao, na wakati huo baba yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa mwaka ule bibi akaanza kuvimba miguu. Jioni moja tunakula ugali kwa kisamvu, akarudisha tonge kwenye sahani akasema wazi, bila kuzunguka, "Mwanangu, nataka nikamwone Gaspa. Nikamwone nikiwa bado najua ninachokiona."

Mimi pale nyumbani niliitwa Kwanini kwa ajili ya mdomo wangu. Nikauliza ziwa lina mlango upande gani. Mama akanifinya.

Tangu siku hiyo safari ikawa inapangwa uani kila jioni. Baba alichora njia vumbini kwa kijiti: hapa Mpanda, hapa Kabungu, hapa geti la mbung'o, hapa mto wa kujaza maji rejeta, hapa mlima wa kupoza breki, na kule mwisho, karibu na jiwe la mama la kufulia, Karema. Bibi naye alikuwa na njia yake, ile aliyoijua kwa nyayo. Kila baba alipopitisha kijiti, yeye anasema, "Simama. Hapo pana kijito cha maji matamu," au, "Hapo hampiti bila kupumzika, pana kivuli kizuri." Baba akamwambia, "Mama, ukihesabu vivuli vyote tutafika Krismasi." Mimi nilichuchumaa pembeni nikishangaa jinsi njia moja inavyoweza kuwa ndefu mdomoni mwa mtu huyu na fupi mdomoni mwa yule.

Lakini ugomvi wenyewe haukuwa wa vijito. Ulikuwa wa mwezi.

"Tunashuka lini?" bibi aliuliza.

"Mwezi ukishakwisha. Wakati wa giza."

"Giza! Giza nikafanye nini mimi?"

Kama hukukulia ziwani huenda hujui, ngoja nikwambie. Dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Wavuvi wanangoja usiku mweusi ti, wanaingia majini na karabai zao, na dagaa wanaifuata ile taa. Mwezi ukiwa mkubwa, nyavu zinaanikwa, wanaume wanashinda nyumbani wanashona, wanakunywa, wanacheza na watoto. Giza likiingia, mume unamwona mgongo tu. Jioni anatoka, alfajiri anarudi, mchana analala kama bundi, na ole wako umwamshe. Lori la tajiri lilifuata dagaa, kwa hiyo lilishuka wakati wa giza. Na mtu aliyekuwa anafuatwa na bibi ni mvuvi.

"Kwani tunakwenda kuwaona samaki au watu?" bibi akauliza.

Baba alijaribu. Alikwenda kwa tajiri kumwomba lori lishuke mwezi ukiwa mpevu, mara moja tu. Alirudi kofia mkononi. Tajiri alisema hawezi kuchoma petroli kwenda kubeba mchanga. Bibi akasikia, akainuka taratibu, akaingia chumbani akalia. Nilimsikia. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima analia bila msiba, nikabaki nimesimama mlangoni naogopa, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuuliza.

Asubuhi alitoka amefunga kilemba vizuri. "Sawa," akasema. "Nitamkuta amelala. Nitakaa nimsikilize anavyokoroma, halafu nitarudi zangu."

Maneno yale yalimuuma baba. Jioni ile alikaa na kijiti chake mpaka mama akamwita kula mara mbili. Ndipo akatuonyesha: wavuvi wanaamka jua likianza kulala upande, na mitumbwi inaingia majini kabla ya magharibi. Katikati pana nafasi. Tukiondoka mapema sana, tukipita Kabungu bila kushuka, tusipochezacheza getini, tutamkuta babu Gaspa yuko macho na yuko nchi kavu. Akafuta vijito vyote vya bibi kwa kiganja. Bibi akatazama vikifutwa, hakubisha hata kimoja. Mimi nikaruhusiwa kwenda kwa sababu bibi alitaka mtu wa kumshikia fimbo, na kwa sharti kwamba sitauliza chochote dereva akiwa mlimani.

Tuliondoka jogoo hajawika. Kabungu tukaipita kweli, wanawake wakatupungia na mihogo yao. Lakini getini! Siku zile malale, ule ugonjwa wa mbung'o, yalikuwa yanaua, na kila gari lililotoka porini au kuingia lilikaguliwa mbung'o. Mlinzi wa zamu alikuwa amekwenda kuoga mtoni. Tukamngoja. Alipokuja akazunguka lori na kijinyavu chake polepole, akachungulia chini ya mabodi, akatupekua hadi migongoni. Nilimuuliza mbung'o akikamatwa anapelekwa wapi. Akacheka, akaanza kunieleza kirefu, mzee wa watu, mpaka baba akapiga honi.

Halafu rejeta ikachemka kabla ya mahali pake. Halafu tukasukuma mchanga chini ya tairi. Jua limeshapinda, jasho linamtiririka baba shingoni, na hapo ndipo bibi aliponyoosha fimbo mbele ya kioo akasema, "Simama hapo."

"Mama, hapana. Tulikubaliana."

"Simama, nimesema. Nijisafishe."

Kilikuwa kijito kimojawapo cha vile vilivyofutwa. Baba akasimama, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Mimi nilishuka na bibi. Akakaa juu ya jiwe, akaosha uso, akaosha mikono mpaka viwikoni, akaosha ile miguu yake iliyovimba kidole kwa kidole, kama ana siku nzima. Kisha akafungua kifurushi, akatoa doti mpya ambayo hatukujua anayo. "Siwezi kumfikia mtoto wa mama yangu na vumbi hili," akaniambia. "Atadhani nimefukuliwa." Nilitaka kumwambia bibi haraka, jua hilo, lakini jinsi alivyokuwa anajitazama majini nilikosa pa kuingilia.

Ziwa nililiona kutoka mlimani. Mwanzoni sikujua kama ni ziwa. Nilidhani mbingu imeanzia chini mno. Huko mbali kabisa palikuwa na milima mingine ya bluu, imefifia. Sharti la baba likanitoka kichwani. "Bibi, wale wa ng'ambo wanatuona?"

"Wanatuona. Na wao wana watoto wanaowachosha hivyohivyo."

Tuliteremka breki zinanuka. Tulipoingia Karema jua lilikuwa limebaki kidogo sana, na mitumbwi ilikuwa imeanza kuingia majini. Baba hakusimama kijijini. Alilipeleka lori mpaka kwenye mchanga, mpaka maji yalipoanzia, akaegemea honi akaiacha ilie. Watu wakatoka ndani wakishika vichwa. Kutoka majini sauti ya mwanaume ikafoka, "Mwendawazimu gani huyo anawafukuza dagaa?"

"Ni mimi, mjomba!" baba akapaza sauti. "Nimekuletea mama!"

Bibi alikuwa ameshashuka. Alisimama na doti yake, mkono mmoja begani kwangu, akasema maneno machache kwa Kibende. Sikuyaelewa, na bega langu lilikuwa linauma kwa jinsi alivyolikamata. Yule mzee, maji yakiwa kiunoni, aliacha mtumbwi. Akatoka taratibu, shati limemganda, akamtazama dada yake uso, kilemba, doti, miguu. Akaishia kwenye miguu. Kisha akageuka akampa mwenzake karabai.

"Chukua. Mimi leo sitoki."

"Hutoki?" mwenzake akashangaa. "Babu Gaspa, giza lenyewe ndiyo kwanza limeingia!"

"Wewe nenda na wengine. Sitoki."

Tulikaa pale mpaka baba alipozunguka kambi zote na lori likajaa, giza nalo likawa limekwisha. Siku zote hizo babu Gaspa hakutoka. Jioni wanaume wa Karema walipoingia majini, yeye aligeuza mtumbwi wake kifudifudi mchangani, wakakaa juu yake na dada yake wakitazama taa zikiwaka huko mbali, wanaongea Kibende kwa zamu, wanasukumana mabega, wanacheka. Mungu wangu, walivyokuwa wanacheka! Bibi yangu ambaye kwetu alicheka kwa kufunika mdomo, pale alicheka mpaka akakohoa.

Mimi niliona aibu. Watoto wa pale walikuwa wameanza kunichokoza kwamba babu yetu anaogopa maji, anakaa na wanawake ufukweni. Nikapigana na mmoja. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaenda kumuuliza mwenyewe, "Babu, eti unaogopa maji?"

Akanitazama. "Sana, mjukuu wangu," akasema. "Mwezi huu naogopa sana."

Bibi akaangua kicheko, nami nikaondoka nimenuna, nikiamini kabisa kwamba mjomba wa baba ni mwoga. Mke wa babu Gaspa, bibi Anjela, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Asubuhi wanawake wote walianika dagaa, mchanga unang'aa mpaka macho yanauma, kila mmoja na sehemu yake. Ya bibi Anjela haikuwa na kitu. Alichukua ungo akaenda kuwasaidia wenzake kugeuza dagaa wao, akarudi na kikapu kidogo cha kutupikia. Nilikula nikashiba, nikaomba tena, akaniongeza.

Bibi yangu alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijakwisha. Yeye na mdogo wake hawakuonana tena.

Nilielewa lini? Miaka mingi baadaye, nilipoolewa na mvuvi wa Ikola, hukohuko ziwani. Ndipo nilipojua giza ni nini. Ni zile siku chache za mwezi, na ndani yake mnatakiwa mpate chumvi, sabuni, nguo, dawa ya mtoto, kila kitu, mpaka giza jingine. Mwanaume hakosi giza kwa homa. Hakosi kwa jino. Mume wangu aliwahi kubaki nchi kavu usiku mmoja tu, kwa ajili ya mgeni wake wa kutoka Kigoma, na mimi sikumsemesha siku mbili. Nikiwa katikati ya kununa kwangu, mbele ya jiko, nikamkumbuka babu Gaspa. Nikakaa chini. Giza zima! Yule mzee alikosa giza zima, na mimi nikamuuliza kama anaogopa maji.

Babu alikuwa ameshakufa. Lakini bibi Anjela alikuwa hai, nikafunga safari kando ya ziwa mpaka Karema kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamuuliza, maana kuuliza sikuwahi kuacha, siku zile tulipokwenda alijisikiaje.

"Nilikasirika," akasema palepale, kama aliyekuwa anangoja kuulizwa. "Nilimwambia, wewe Gaspa, toka ukavue, dada yako utamkuta asubuhi. Akanijibu, asubuhi nitakuwa nimelala. Basi. Mwezi ule tulikula mihogo kwa chumvi, na chumvi yenyewe ya kuomba."

Nikamwambia nisamehe, bibi, mimi hata niliomba niongezwe. Akanipungia mkono nisiongee upuuzi. Akaendelea kuchambua mchele kidogo, halafu akasimamisha vidole.

"Lakini nilikuwa nalala ndani nawasikiliza wanavyocheka kule nje," akasema. "Nimezaa na Gaspa watoto sita, na sikuwa najua kama anacheka vile. Ningejua, kuna magiza mengine ningemzuia mwenyewe."