Kahawa ya Kunywa Nyumbani

Enzi za ushirika, karani wa chama alizamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko, akatoa kahawa, akainusa. Akikuta punje nyeusi, tunarudi na gunia letu mlimani. Kwa hiyo mama alitupanga sote kuzunguka vichanja vya kuanikia, tukachambua punje kwa punje huku tukiimba nyimbo za kanisani. Nzuri ziliuzwa. Mbovu tulizinywa sisi, chungu kama dawa ya minyoo.

Biashara iliporuhusiwa kwa watu binafsi, makampuni yakapanda Meru na pikapu zao. Wakala wa kwanza kufika kwetu alikuja na mzani wa betri, namba nyekundu zinawaka. Akamwamkia mama shikamoo, akapima gunia, akalitupa garini bila kulifungua.

"Huangalii, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Mama, kampuni inanilipa kwa kilo. Mzani hauna pua."

Mama alinuna siku nzima. Tuumie migongo hivi, halafu mtu asinuse hata kidogo!

Mavuno yaliyofuata alituita vichanjani kama kawaida, tukachambua, tukaimba. Ila safari hii mbovu zote zilirudi guniani kwa ajili ya wakala, na debe zima la zile safi kabisa likaingia jikoni.

Jumapili, baada ya ibada, baba alipiga funda moja. Baba huyu alilima kahawa tangu ujana wake. Akakitazama kikombe, akauliza ni mgeni gani aliyetuletea kinywaji hiki.