Firigisi ya Babu

Kuku akibabuliwa motoni kabla ya kuingia chunguni hutoa harufu ya moshi na mafuta, na kwetu Khayega harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: kuna mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi watoto tulipona kweli, ingawa kwa shingo na miguu. Likizo moja mgeni alikuwa Makokha, kijana wa Shianda, aliyekuja na wazee wake kumposa Shangazi Mmbone. Wanawake hawakukaa kwenye mazungumzo hayo, kwa hiyo shangazi alibaki jikoni na nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu. Mimi, mtoto wa kike niliyeshika birika la maji ya kunawa, niliruhusiwa kuingia na kutoka. "Nenda ukawe macho yangu," Kukhu akaniambia. Hakupenda habari za jumla, yule. Ukimwambia sokoni kulikuwa na watu wengi, angekuuliza, "Wengi ndio nani? Walisimama wapi?"

Sasa, firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke hakuionja, na hata mtoto anayetambaa alilijua hilo. Babu aliitazama tangu sahani ilipotua mezani, akaiacha iwe ya mwisho, maana nani angeigusa? Makokha akanyoosha mkono, akaichukua, akatafuna. Babu akafuta vidole, akasema anaenda kuangalia ng'ombe, akatoka. Wakati huo hatukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Jikoni, shangazi aliposikia yaliyotokea, alikaa juu ya kuni akalia. Alimpenda kijana yule, na posa ilikuwa inaondoka na babu.

"Amemdharau mzee wangu?" Kukhu akaniuliza.

"Hapana, Kukhu. Hakujua anakula nini."

"Umejuaje?"

Nikamweleza. Macho ya Makokha yalikuwa mlangoni, kila leso ya shangazi ilipopita uani. Kabla ya firigisi alikuwa amechovya tonge la obusuma, ugali wetu, kwenye beseni la maji tuliyonawia, akameza, akanishukuru kwa mchuzi mtamu.

Kukhu alicheka mpaka akashika nguzo. "Kamwambie babu yako hivyo hivyo. Usitie chumvi."

Babu nilimkuta nyuma ya nyumba, amenuna, akisema mwacha mila ni mtumwa. Nilipofika kwenye mchuzi wa beseni, mabega yake yakaanza kutikisika. Akajifuta macho, akarudi ndani, posa ikaendelea.

Leo naishi Shieywe na kazi yangu ni kuandika hadithi. Watu huniuliza mwandishi huishi vipi, nami nawaambia: hushika birika, hutazama macho ya watu yako wapi. Huona ninawatania. Firigisi nazo siku hizi zinauzwa kwa kilo mjini, hununua anayetaka, wala hakuna anayenuna. Babu na Kukhu walishatutoka, na nawakumbuka sana nikiandika jambo la jumla. Lakini nikienda Shianda, Makokha, ambaye sasa ndiye mwenye boma na kichwa kimejaa mvi, huichukua firigisi yake na kuiweka kwenye sahani yangu. Mimi huila polepole. Yeye humtazama shangazi.