Mke Wangu Alinitungua Mbele ya Rafiki Yangu

Mhariri, naomba unifichie jina, maana hapa Bariadi tunajuana.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nina mke na binti mmoja. Tangu ununuzi wa pamba uruhusiwe kwa watu binafsi, nami nimekuwa mnunuzi. Kwa faida nikanunua kompyuta, nikafungua chumba cha kuchapa barua. Mke wangu ndiye mchapaji. Jioni mimi hucheza gemu la ndege za kivita, watu wakijaa mlangoni kutazama.

Napenda picha nzuri. Kwenye mipangilio ya gemu niliweka kila kitu kiwango cha juu kabisa: mawingu, moshi, vivuli, maji yanayometa. Mashine ikawa inakwamakwama. Nikamwita rafiki yangu Masanja, fundi wa kompyuta wa Lamadi. Akapunguza mawingu, akaondoa vivuli. Ndege ikawa nyepesi, lakini nchi chini ikabaki kama shamba lililochomwa moto. Sikupenda. Mke wangu akasema, "Shemeji, nifundishe na mimi kurusha ndege."

Ndipo moyo wangu ulipoanza kuungua. Kila Masanja akija, wanakaa bega kwa bega, wanacheka mambo nisiyoyajua. Nikitoka kupima pamba nakuta imeandaliwa chai ya watu wawili.

Siku moja Masanja alileta mashine yake, akaiunganisha na yangu kwa waya ili watu wawili wapigane. Mke wangu akaketi kwenye ile ya Masanja. Mimi nikarudisha mawingu yangu yote, nimwonyeshe uzuri. Nikaona ndege yake mbele yangu, nikafyatua, picha ikaganda. Ilipofunguka alikuwa mgongoni kwangu. Nikaanguka ziwani, na yale maji yalimeta kweli kweli.

"Umemmaliza!" Masanja akapiga kelele, wakagonganisha viganja. Mke wangu alimtazama Masanja kwa macho ambayo mimi sijayaona tangu harusi yetu.

Sasa Masanja anafungua chumba chake cha kompyuta Lamadi, anamtaka mke wangu akisimamie. Nilimuuliza mke wangu, "Unampenda?"

Akasema, "Mume wangu, hajanigusa hata siku moja. Ila kwake naruka. Kwako nasimama nyuma ya kiti nikikutazama wewe."

Sijalala vizuri tangu hapo. Jumapili Masanja anakuja kuchukua jibu, na mke wangu amesema nitakalosema ndilo atakalofuata. Nikimruhusu, naona kama nampeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimzuia, atabaki ndani lakini hatakuwa wangu.

Ndugu wasomaji, mlio na ndoa na mliowahi kuungua hivi, nishaurini. Nimjibu nini?