Jani la Hamsini na Tatu

Kanakavalli alikuwa amebakiza siku kumi na mbili astaafu, na katika maktaba nzima hakuna aliyejua kwamba kwenye droo yake ya chini, ndani ya kitambaa chekundu, mlikuwa na jani moja la mti wa mvumo lisilokuwa na kwao.

Kazi yake watu hawakuielewa. Mama mkwe wake alikufa akiamini kwamba mwanawe ameoa mfagiaji wa serikali. Kumbe mwanamke yule alikuwa akiviuguza vitabu vya zamani, vile ambavyo wazee waliviandika kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mvumo, wakayatoboa, wakayatunga uzi na kuyabana kwa vibao viwili. Alilipangusa kila jani kwa mafuta ya mchaichai mpaka likalainika, akalisugua kwa masizi ya taa, akalifuta, na maandishi yaliyokuwa hayaonekani yakajitokeza meusi, yanasomeka. Miaka thelathini na miwili, na bado yakijitokeza alitabasamu peke yake. Wapo wanaodhani mtu wa kazi moja lazima awe na kinyongo na maisha. Huyu alinukia mchaichai hadi kwenye kisogo, na alikuwa ameridhika.

Isipokuwa kwa lile jani.

Lilimpata mwaka wake wa kwanza kazini, siku ya Sarasvati, siku ambayo vitabu vyote hupangwa mbele ya mungu huyo wa kike wa elimu, vikapakwa msandali, na hakuna anayesoma hata herufi mpaka kesho yake. Kanakavalli, kwa kimbelembele cha ujana, alitaka vitabu vimfikie mungu vikiwa safi. Asubuhi akafungua vinne kwa mpigo juu ya mkeka mmoja, jambo ambalo mkuu wake alikuwa amemkataza mara tatu. Umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, feni iliyokuwa juu ya kichwa chake iliamka kwa nguvu zote, na majani yakatawanyika chumba kizima.

Alikusanya huku akilia. Vitabu vitatu vilikuwa vya maktaba. Cha nne kilikuwa na mwenyewe, mganga wa ng'ombe wa ng'ambo ya mto, ambaye alikuwa amekiazimisha kinakiliwe, na kabla ya adhuhuri alikuwa mlangoni anakitaka, kwa kuwa naye alikuwa na Sarasvati wake nyumbani. Akafungiwa kitabu chake haraka haraka, akaenda zake. Siku mbili baadaye, Kanakavalli alipoukunja mkeka, akaliona jani moja chini yake. Pembe yenye namba ilikuwa imeliwa na wadudu. Lilizungumzia ndama aliyevimba tumbo, lakini vitabu vyote vinne vilikuwa vya dawa ya mifugo, na majani mengi yalikuwa yamekatika pembe. Yule mganga hakurudi kulalamika, kwa hiyo akajiambia kwamba jani ni la maktaba. Akalificha, hakuthubutu kuchunguza zaidi. Kila mwaka, siku ya Sarasvati, alilitoa kwa siri, akalilaza chini ya vitabu vingine mbele ya mungu, akaomba msamaha, akalirudisha drooni.

Sasa ilikuwa imekuja kamera. Vitabu vyote vilipigwa picha, jani kwa jani, mbele na nyuma, vikahifadhiwa kwenye kompyuta, na watu wa vijijini waliombwa walete vyao navyo vipigwe. Mpiga picha alikuwa Jesintha, mama wa watoto wawili, mcheshi, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni.

Jumatatu hiyo akaingia bibi mmoja mfupi, sari yake ya kijani imefungwa vizuri, amekumbatia furushi. Jina lake Thaiyalnayaki.

"Kitabu cha marehemu mume wangu," akasema. "Dawa za ng'ombe. Mnipigie picha, Ijumaa nakuja kukichukua. Tena hesabuni mbele yangu. Yamo majani themanini na tano, yalitakiwa yawe themanini na sita. Andika hapo, mwanangu, msije mkasema nimelila mimi."

Kanakavalli akaandika. Jicho lake likaenda kwenye droo ya chini.

Bibi alipotoka, alikaa na kile kitabu siku nzima. Tangu mwenyewe afariki kilikuwa kimepakwa manjano na msandali kila mwaka pasipo kufunguliwa, majani yamegandana, na kuyabandua kulitaka kisu cha mfupa na subira. Lakini hakuwa akitafuta herufi. Alikuwa akitafuta matundu. Dumuzi akiingia kitabuni hali jani moja tu, hutoboa njia yake moja kwa moja mpaka ashibe, na majani jirani hubaki na matundu pale pale. Matundu ya jani lake aliyajua kama alama za mwili wa mtoto wake: mawili madogo kama ufuta, na moja refu lililopinda karibu na uzi. Kwenye jani la hamsini na mbili akayaona. Kwenye la hamsini na nne akayaona. Akafungua droo, akaleta jani lake, akalilaza katikati, akachukua njiti ya ukuti na kuichomeka. Ikapita majani yote matatu bila kukwama.

Miaka yote alikuwa akimlaani dumuzi. Akacheka, machozi yakamtoka.

"Dada, kulikoni?" Jesintha akauliza. "Kustaafu kumeanza kukupanda kichwani?"

Akamweleza yote. Jesintha alisikiliza kimya, jambo la ajabu lenyewe.

"Basi mbona rahisi," hatimaye akasema. "Lirudishe, tunga uzi, mimi napiga picha, themanini na sita, kwisha habari. Bibi mwenyewe atasema alihesabu vibaya. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe umejua miaka thelathini na moja, umekufa? Dada, usijitafutie balaa siku za mwisho. Kula wali wako."

Na Kanakavalli, lazima niseme ukweli, akakubali. Alilipaka jani mafuta na masizi, wakalipiga picha, akalitunga mahali pake. Alikula wali wake wa mtindi na achari ya ndimu mpaka akalamba kidole. Wiki hiyo alilala usingizi mzuri.

Ijumaa bibi akaja. Kanakavalli akamwonyesha kitabu, kisafi, kinanukia, halafu akamwonyesha picha kwenye kompyuta. Bibi akafurahi kuona mwandiko wa babu wa mumewe mkubwa namna ile. Kisha akaketi, akaanza kuhesabu majani kwa kidole gumba, taratibu. Alipofika mwisho akarudia. Akamwangalia Kanakavalli.

"Themanini na sita."

"Labda zamani mlihesabu vibaya, bibi," akadakia Jesintha. "Yalikuwa yamegandana."

"Sisi? Mume wangu alihesabu usiku na mchana! Mwaka mmoja ndama wa jirani kavimba tumbo, mume wangu akafungua kitabu atazame dawa, jani halipo. Na mimi wiki ile ile nilikuwa nimetoka mtoni. Ilikuwa ile sikukuu ya mwezi wa Aadi, mto unapojaa, si mnajua, watu wanaupelekea mto vitu vikuukuu? Nilitupa majani ya zamani, yaliyoandikwa nyota za watu waliokwisha kufa. Basi! Ikawa mimi. Akasema nimelitupa. Nikaapa, hakuniamini. Hakunipiga, hakunifukuza, alikuwa mtu mwema. Ila kila mwaka siku hiyo anasimama mlangoni: 'Leo unaupa mto nini?' Majirani wakacheka. Mpaka leo kijijini naitwa Mama Mto. Wajukuu wangu wananiita hivyo, hawajui hata sababu." Akashusha pumzi. "Mwishowe hata mimi nikaanza kuamini. Nikasema labda kweli nililitupa."

Jesintha alimkanyaga Kanakavalli mguu chini ya meza. Haikusaidia kitu. Kanakavalli alikuwa ameshainuka.

"Bibi, hukulitupa. Lilikuwa kwangu."

Akasema yote, mkeka, feni, droo, kitambaa chekundu. Akainama kugusa miguu ya bibi, lakini bibi akaivuta miguu yake chini ya kiti.

"Miaka thelathini na moja," bibi akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Hapo tu, ng'ambo ya daraja."

"Ndiyo."

Bibi akapiga meza kwa kiganja hadi kamera ikatikisika. Halafu akafunga furushi lake, akasimama. "Vaa viatu. Twende."

Walipanda bajaji bila kusemezana, wakavuka daraja. Nyumbani kwa bibi, kwenye ukuta wa sebule, ilikuwepo picha ya mwanamume mwenye masharubu, imevishwa shada la asumini. Bibi akaketi kitako chini yake, kitabu mapajani.

"Mwambie."

Kanakavalli akaunganisha viganja. "Baba, jani lako nililificha mimi. Mama hakulitupa mtoni."

"Kwa nguvu. Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu."

Akarudia kwa nguvu. Mbuzi wa uani wakalia. Bibi akainua uso kuitazama picha.

"Umesikia, mzee?" akasema taratibu. "Umesikia? Haya."

Akajifuta uso kwa pindo la sari. Nje, kwa zile kelele, wanawake watatu walikuwa wameshatoka barazani kwao na shingo zao ndefu. Bibi akawaona. Akainuka, akaenda mlangoni, akafungua mbao zote mbili mpaka zikagonga ukuta.

"Haya, mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza akamshika Kanakavalli mkono. "Rudia tena. Mara hii geukia huku."