Ochuoga Haikaushwi Kama Mtama

Siku yangu ya kwanza kazini Tarime, miaka ya hamsini, Bwana Shamba alinikabidhi ndoo na tuta moja la kitalu. Alitaka nioteshe ochuoga, kichaka cha porini chenye miiba, maua meupe yanayonukia na matunda meusi matamu. Watu wa Nyamisangura walikitaka kwa uzio wa nyumba zao.

"Ikiota, utabaki," aliniambia. "Isipoota, hapo napanda kabichi, nawe urudi kwenu."

Nilianika mbegu juani kama za mtama, nikazipanda vuli. Haikuota hata moja. Nikarudia masika, vilevile. Nikajua siku zangu zinahesabika.

Ndipo nikatumwa Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, kupeleka vipando vya mihogo. Huko nikaukuta mji wa mjane mmoja, Mama Bhoke, umezungukwa na ochuoga hata ndama hapenyi.

"Shikamoo mama. Hii imeota yenyewe?"

"Marahaba. Nimeipanda mimi. Wewe unapandaje?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, umeziua kwa jua. Chukua matunda yaliyoiva, mbegu zibaki ndani mpaka ufike. Zioshe, uzipande siku hiyohiyo kivulini. Na udongo uchote chini ya kichaka chenyewe."

Akanijazia kikapu. Nilitembea siku mbili, nikafanya alivyosema. Baada ya majuma machache tuta likawa kijani.

Bwana Shamba alichuchumaa, akaligusa jani moja kwa kidole.

"Nani kakufundisha?"

Ningeweza kujisifu, maana kibarua changu kilikuwa hatarini. Nikasema, "Mama mmoja wa Busawe."

Akasimama. "Nipeleke kwake."

Baadaye nilihamishiwa Mugumu, nikapanda cheo mpaka msimamizi wa vitalu, nikastaafia hapo. Wakubwa niliowatumikia walikuwa wengi, wenye vyeti na sauti kubwa. Ninayemheshimu kuliko wote ni yule Bwana Shamba wa Tarime, kwa ajili ya safari ile ya Busawe.

Tulipofika alivua kofia, akaamkia. Mama Bhoke alimtazama, akaniuliza kwa Kikurya kama huyu mkubwa wangu hajui kupanda.

"Amekuja kujifunza, mama."

"Basi akae," akasema, akampa jembe.