Nilisimama Kabla ya Kuitwa

Leo nimesimama mbele ya kiwanda kizima kupokea cheo cha mtu mwingine.

Miaka kumi na moja napokea pamba hapa Bariadi. Msimu gani sijalala ghalani mimi? Kila mgeni kazini namfundisha mimi. Kwa hiyo bosi aliposema leo anatangaza msimamizi wa mapokezi, nikavaa koti, nikamwambia mama watoto achinje jogoo.

Bosi akaanza: "Tumpigie makofi msimamizi wetu mpya..."

Nikasimama.

"...Kulwa!"

Kulwa, binti niliyemfundisha mwenyewe kupima unyevu kwa kung'ata mbegu! Yeye ana cheti, mimi niliishia la sita.

Kukaa aibu, kusimama aibu. Nikajifanya ndiye mwongoza makofi. Nimepiga mpaka viganja vinawaka.

Mchana likaingia tela kutoka Lalago. Pamba ya juu kavu kabisa. Kulwa akasema ipokelewe.

Ningenyamaza, angeumbuka leo leo. Nyie mngenyamaza?

Nikazamisha mkono hadi chini, nikang'ata mbegu. Haikulia "ka!" kama mbegu kavu. Ikapondeka kama harage la kuchemsha. Wauzaji wameimwagia maji ipate uzito, na ghalani ingeozesha na nyingine.

Nikamnong'oneza Kulwa. Akairudisha.

"Asante, mwalimu."

Mwalimu! Neno tamu, ila halina kiti ofisini. Na kesho nitang'ata tena.

Sasa jogoo kaiva, na majirani wa kwetu Ngulyati niliwaalika kwa mdomo wangu waje kula cheo changu. Njooni mle. Ila atakayeniita bosi, mchuzi hapati.