Moyo wa yaya na waya chini ya kitanda

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, mpaka jina la pirogue, mutumbwi mumoja wa mutoni. Sitayaandika.

Yaya, dada yangu mukubwa, alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma katika chumba cha mbele, moyo umechoka. Hospitali walimurudisha nyumbani. Alingoja kitu kimoja tu: mutoto wake wa pekee, anayeuza samaki Basoko, afike amuone uso. Sisi ni Waislamu. Mutu akifa asubuhi, jua halizami hajazikwa. Donc mutoto akichelewa kidogo, amekosa.

Mujukuu wangu, binti anayesoma umeme chuo kikuu, akasema atatengeneza machine ya kuangalia ule moyo. Akatoa kisahani chembamba cha shaba ndani ya saa iliyokufa, akakibandika kifuani kwa yaya. Kifua kikipiga, kisahani kinatoa umeme kidogo sana.

« Shida, koko, bibi yangu, umeme huu unapanda juu ya sifuri, halafu unashuka chini ya sifuri. Kisanduku changu cha kuhesabu hakisomi chini. Kinaona nusu tu. »

Alors akaunganisha vipande viwili vinavyolingana, vyenye mistari ya rangi, ili mapigo yakae katikati ya nguvu ya pile, ile betri ndogo, yapate nafasi ya kupanda na ya kushuka. Kisha kidudu cheusi cha umeme, cha miguu nane ya chuma, kikayakuza mara mia. Kwenye kioo kidogo mustari ukaanza kuruka.

Yaya akacheka, sauti yenyewe imeisha. « Hata moyo wangu sasa iko inataka micro ya kukuza sauti, kama pasteur wa kanisa la jirani? »

« Eh, koko! Lakini micro ya pasteur inakuza pia kikohozi cha wamama wa mbele. Hii vilevile, haichagui. » Akanigeukia. « Courant ikirudi, chomoa rallonge kwanza, ndipo uangalie mustari. Machine inasikia ngurumo ya courant kama vile pigo la moyo. »

Rallonge ni ule waya mrefu unaotuletea courant, umeme wa taa, kutoka kwa jirani; ulipita chini ya kitanda, umefungwa kwenye muguu wa kitanda. Courant ilikuwa imekatika wiki mbili. Nikasema ndiyo, ndiyo, kama mutu anayefukuza inzi.

Siku ya tatu mujukuu akaenda masomoni. Asubuhi ile miguu ya yaya ilikuwa baridi. Maisha yangu yote nimejua hali ya mugonjwa kwa kumushika miguu. Ndivyo mama alivyotufundisha, yaya na mimi. Basi simu ikalia: mutoto wake, yuko beach, bandari ya Basoko, pirogue ya moteur inamungoja.

Hapohapo ampoule ya taa ikawaka, watoto wa parcelle, uwanja wetu, wakashangilia. Nikatazama kioo. Mustari umekuwa mukubwa, umejaa, hauna pumziko.

Mutoto akauliza kwenye simu: « Mama mudogo, niambie kweli. Nipande hii, ao ningoje baleinière, ile boti kubwa ya kesho, na mizigo yangu? »

« Ngoja, papa. Moyo wake unapiga kama wa kijana. Uje na mizigo yako, polepole. »

Mujukuu alirudi saa tisa. Akatazama kioo, akainama, akachomoa rallonge. Mustari ukaanguka. Pigo moja dogo, kimya, lingine dogo.

« Koko, ile haikuwa moyo. Ilikuwa courant. »

Tukapiga simu. Pirogue ilishaondoka bila yeye.

Yaya alikufa kesho yake asubuhi, macho kwenye mulango. Tulimuzika mbele ya jua kuzama. Mutoto alifika siku mbili nyuma ya maziko, pamoja na samaki wake. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu:

« Mama mudogo, siku ile miguu yake ilikuwa namna gani? »

« Baridi. »

Akaitika kwa kichwa, akaenda kushusha mizigo.

Ile pirogue ilikuwa imefika mujini alfajiri, yaya bado anapumua. Jina la pirogue limeandikwa ubavuni mwake kwa rangi nyekundu. Nikienda beach kununua mihogo na kuiona imefungwa pale, ninarudi nyumbani bila mihogo.